Mashine ya Yasinta Haijui Kughairi

Kijiwe chetu cha Makole, hapa Dodoma, kina benchi moja, na benchi lenyewe lina miguu mitatu. Wa nne ni tofali. Liko ubavuni mwa steshenari ya Yasinta, mahali ambapo upepo wa Julai haufiki moja kwa moja. Unapita kwanza kwa fundi viatu, unabeba vumbi, ndipo unatuletea kwenye vikombe. Mkaaji wa kwanza ni Mzee Mazengo, jina la kijiwe Mnada, kwa sababu miaka thelathini alinadi ng'ombe minadani na hata leo akikuuliza habari za asubuhi unahisi anakuuzia ndama. Wa pili ni Tumsifu, tunayemwita Makao Makuu, mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam, na wiki hiyo alikuwa likizo hana pa kwenda. Mustapha wa Kondoa ndiye mwenye dele la kahawa, kwa hiyo yeye si mkaaji, ni sababu ya sisi kukaa. Mimi ni Pasipoti. Jina nimelipata kwa kuzunguka na malori mpaka Lubumbashi na Durban, watu wakadhani nimeona dunia. Sikatai. Niliiona, ila kwa sehemu kubwa nikiwa nimelala chini ya lori nasubiri foleni ya mpakani isogee.

Alhamisi hiyo mwenzetu wa tano hakuwa benchini. Elisante alikuwa ndani ya steshenari tangu saa moja asubuhi, mgongo wake tunauona dirishani, vidole vinakimbia kama mvua ya mawe juu ya bati. Huyu tunamwita Hansadi. Miaka ishirini na minane kazi yake ilikuwa kuchapa yanayosemwa bungeni, neno kwa neno, makofi na vicheko akiviweka kwenye mabano. Alipostaafu kazi ikamfuata nyumbani. Mkewe Paskazia akisema jambo la maana, Elisante analiandika, anatia tarehe, anaweka kwenye faili la kijani. Wiki tatu kabla ya hapo walipishana kauli kuhusu kuku wa jirani, mwenzetu akafungua faili akamsomea mkewe aliyoyasema mwaka 2011. Paskazia alifungua kabati. Alipanga nguo zake kwenye begi, akaenda kwa kaka yake Mkonze.

Sasa siku hiyo saa nane mchana wazee wa pande zote mbili walikuwa wanakaa huko Mkonze. Kaka mtu alishatuma ujumbe: Elisante aje na maneno yake, akishindwa, begi la pili la dada yake litafuatwa. Na Elisante kusema hajui, anajua kuandika. Kwa hiyo aliamka mapema kuja kuchapa atakayomsomea mkewe mbele ya wazee.

Saa nne na dakika kumi, umeme ukakatika. Haikupita dakika mbili tukamsikia Yasinta:

— Hansadi! Ulikuwa unafanya nini wewe?

Steshenari ya Yasinta imejengwa kwa ajili ya watu wawili na mashine ya fotokopi. Tukaingia wanne, pamoja na dele.

Kioo cha kompyuta kilikuwa cha buluu kitupu. Katikati pameandikwa kwa herufi nyeupe: KOMPYUTA INAZIMA. DAKIKA 29.

— Ilikupa dakika nzima, — Yasinta alisema. — Imekuandikia kabisa, hifadhi kazi yako. Dakika nzima!

— Nilikuwa katikati ya sentensi, — Elisante akajibu.

— Ehe?

— Sentensi haiachwi katikati. Nikaimalizia. Nikaweka nukta.

— Halafu?

— Halafu kioo kikafunga.

Yasinta akatueleza, maana sisi wote tulikuwa tumetoa macho kama waliofiwa wasiojua aliyekufa ni nani. Chini ya meza kuna betri la akiba. Fundi wake, Geofrey, alitengeneza programu: umeme ukikatika, mashine inatangaza dakika moja watu wahifadhi kazi zao, kisha inafunga kioo ili mteja asing'ang'anie. Inaiachia printa nusu saa imalize foleni yake, halafu inajizima yenyewe kabla betri halijafa. Kazi isiyohifadhiwa inaondoka nayo.

— Tangu saa moja hujahifadhi hata mara moja? — nikamuuliza Elisante.

— Rasimu haihifadhiwi mpaka isomwe na kusahihishwa. Ndivyo tulivyofanya kazi.

— Na ile ya kujihifadhi yenyewe? — Makao Makuu akauliza. — Kompyuta za siku hizi zote zinayo.

— Nilimwambia Geofrey aitoe, — Yasinta akasema. — Wateja walikuwa wanakuta barua za wenzao. Kuna mwalimu aliandika posa mbili siku moja, kwa wasichana wawili. Mjomba wa msichana wa pili akaja kuchapa risiti, akaikuta ya kwanza.

Tukainamisha vichwa kwa heshima ya mwalimu.

Hapo ndipo taa ikawaka. Fotokopi ikaguna, redio ya fundi viatu ikaendelea na tangazo la sabuni pale ilipoachia. Mnada akapiga makofi.

— Umerudi! Hansadi, umeme huo! Endelea!

Tukageukia kioo. DAKIKA 27. Tukasubiri ione kwamba mambo yametengemaa. Ikaandika DAKIKA 26.

— Wewe! — Mnada akaiambia mashine. — Umeme umerudi, unazima nini?

— Haisikii, mzee, — Yasinta akasema. — Ikishaanza, imeanza. Ndivyo Geofrey alivyoiweka.

Akachukua simu kumpigia fundi. Hapatikani. Akapiga tena, hapatikani. Akatuangalia sisi wanne jinsi tulivyobanana, akamwangalia Elisante ambaye mikono yake bado ilikuwa juu ya vitufe kama mpiga kinanda aliyenyang'anywa kwaya, kisha akatoka nje akasimama nyuma ya mlango. Tukamsikia anaongea na simu kwa sauti ya chini. Tukajua fundi kapatikana, tukatulia tukaanza kufikiri. Hilo ndilo lililokuwa kosa.

— Mimi nimeuza ng'ombe miaka thelathini, — Mnada akaanza. — Fimbo ikigonga mara tatu, ng'ombe kaenda. Lakini niliwahi kuona ng'ombe akirudi baada ya fimbo ya tatu.

— Ikawaje?

— Mwenye ng'ombe alianguka. Puu! Watu wakaacha mnada wakaanza kumpepea. Alipozinduka mnunuzi kashaondoka, na ng'ombe yuko pale anatafuna.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo mtu aanguke.

Wote wakaniangalia mimi.

— Mbona mimi?

— Una mwili wa kuanguka, Pasipoti, — Mnada akasema. — Huyu Makao Makuu akianguka itadhani kipande cha karatasi.

— Mashine haina macho, mzee wangu. Nitaanguka bure.

— Ina kamera ile pale juu.

Bahati nzuri kamera ilikuwa imezibwa kwa plasta tangu mwaka juzi. Nikaponea kwenye plasta.

— Jamani, tusiende kienyeji, — Makao Makuu akasema, akarekebisha sweta. — Hili ni suala la utaratibu. Amri imeshatoka, imeingia kwenye mfumo. Aliyeitoa ndiye anayeitengua, tena kwa maandishi. Mimi uhamisho wangu niliupinga kabati likiwa limeshapakiwa kwenye lori. Niliandika barua rasmi. Majibu nimepata mwezi uliopita.

— Wamesemaje?

— Wamesema barua yangu imepokelewa.

— Na umekaa Dodoma miaka mingapi?

— Sita. Watoto wanaongea Kigogo kuliko Mnada.

— Sasa hapa amri kaitoa nani? — Mustapha akauliza, anamimina.

— Umeme. Umeme ulikatika, ndiyo amri yenyewe.

— Si umerudi?

— Umerudi, lakini haujasema chochote. Bosi anaweza kurudi ofisini akakaa wiki nzima asitie sahihi kitu. Kurudi siyo kutengua.

DAKIKA 24. Mimi nikaona niwape uzoefu wa kimataifa.

— Nisikilizeni. Kasumbalesa, mpakani. Jioni lango linafungwa, lori letu liko nyuma. Lango limeshaanza kujisukuma lenyewe, la umeme lile. Nikakimbia nikatia mguu. Kitu kikishaanza kufunga, kinataka mtu wa kutia mguu.

— Likasimama?

— Halikusimama. Kiatu kikaingia Kongo, mimi nikabaki Zambia.

— Kwa hiyo wewe ni shahidi wa upande wa pili, — Makao Makuu akasema.

— Nilikuwa naeleza mbinu, sijasema ilifaulu.

Mustapha akaweka dele chini.

— Mimi kahawa ikitaka kufurika naitupia maji ya baridi matone mawili. Inashuka yenyewe. Lete kikombe...

— Mustapha! — Yasinta alikuwa ameshasimama mlangoni. — Tone moja likigusa hapo, kahawa utauzia Kondoa.

Mustapha akarudisha kikombe, lakini wazo jingine lilikuwa limeshapanda.

— Basi hii imesusa. Nyie mnaidharau mashine. Kule kwetu kulikuwa na pampu ya maji, ilisusa mwezi mzima. Mafundi wamekuja watatu, hola. Mwisho ikaombwa radhi.

— Nani aliiomba?

— Mwenyekiti wa kijiji. Kwa kipaza sauti, na watu wakiwa wamejipanga.

— Ikatoa maji?

— Ilikohoa kwanza.

Nawaambia kweli, Mzee Mazengo, mtu aliyewahi kunadi madume mia kwa siku moja bila kikohozi, aliinama mbele ya kioo akavua kofia.

— Mashine, — akasema, — kama kuna aliyekukosea hapa, alikuwa na haraka. Ana mke wake Mkonze. Tunaomba utufikirie.

DAKIKA 21.

— Haijakohoa, — Mustapha akasema, kwa sauti ya mtu anayeona kosa liko kwa mwombaji.

Elisante alikuwa bado ameinamia vitufe. Nikamgusa bega.

— Hansadi, si uanze tena? Wewe vidole vyako ni umeme. Mpaka saa nane unaweza kumaliza.

— Kwenye mashine ipi? Ya pili ya Yasinta iko kwa fundi. — Akavuta pumzi. — Na hata ingekuwepo, Pasipoti. Mle ndani kuna vitu nimeviandika leo ambavyo sijawahi kuviandika. Vilikuja vyenyewe. Sijui vilitokea wapi, kwa hiyo sijui nikavitafute wapi.

Hilo likatuuma. Na sisi tukiumwa tunaongea zaidi.

— Mimi naona hivi, — Mnada akasema. — Huu uliorudi siyo umeme ule ule. Ule ulioondoka ilikuwa inaufahamu, imekua nao. Huu ni mgeni. Ng'ombe ukimbadilishia mchungaji hasimami ukimwita. Mashine inamsubiri yule wa kwanza.

— Umeme wote unatoka sehemu moja, mzee.

— Nani kakwambia? Kuna wa bwawa la Mtera, kuna wa gesi, kuna huu wa kusini. Hii mashine yawezekana ni ya Mtera.

— Hapana, — Makao Makuu akasema, na nikaona macho yake yamepata mwanga wa semina. — Mnajua mashine hizi zinapata saa kutoka wapi? Ng'ambo. Zote zinasikiliza saa moja, huko juu kwenye satelaiti. Na huko sasa hivi ni usiku. Yupo mtu wa kuanzisha kuzima, huyo anakesha. Ila mtu wa kughairi ameshatoka, zamu yake ni asubuhi.

— Asubuhi yao au yetu? — Mustapha akauliza.

— Ndiyo utata wenyewe.

DAKIKA 19. Na hapo Mnada akatoa wazo ambalo, nasikitika kusema, lilikuwa na akili.

— Ngojeni. Umeme ukikatika, inaanza kuhesabu nusu saa. Sivyo?

— Ndivyo.

— Basi tuukate tena. Ianze upya, thelathini. Ikikaribia kwisha, tunakata tena. Tunakwenda nayo hivyo hivyo mpaka fundi afike!

Tukaangaliana. Hakuna aliyeona tundu. Swichi kubwa ilikuwa nyuma ya bega langu, na mimi ni mtu wa vitendo. Ndiyo maana nilipoteza kiatu. Nikaishusha. Giza. Nikaipandisha. Mwanga.

Kioo kikapepesa mara moja. DAKIKA 9.

— Tulikuwa na ngapi? — Mustapha akauliza.

— Kumi na nane, — Elisante akasema bila kugeuka.

— Nani kagusa swichi? — Yasinta akafoka kutoka mlangoni.

Sote tukainua macho kuangalia dari. Ni dari nzuri, nilikuwa sijawahi kuitazama.

Simu ya Yasinta ikaita. Akaitazama, akanirushia.

— Geofrey huyo. Weka spika, ongea naye wewe uliyeharibu.

Alikuwa hatazami hata kioo. Alikuwa anatazama barabara. Nikashangaa kidogo: kama fundi ndiyo kwanza anapiga, yule aliyeongea naye nyuma ya mlango alikuwa nani? Lakini muda wa kushangaa haukuwepo.

— Geofrey! Uko wapi bwana?

— Kondoa, kaka, juu ya paa. Nafunga dishi gesti hapa. Nimeona simu nyingi, kuna msiba?

— Bado dakika tisa. Mashine ya Yasinta inazima na kazi ya mtu iko ndani. Inaghairiwaje?

— Haighairiwi.

— Kwa nini?

— Sikuiwekea. — Upepo ukavuma kwenye simu. — Nilifikiri kitu kikishaanza kuzima, basi mtu anataka kizime.

— Na umeme ukirudi?

— Nilikusudia kuliweka hilo. Yasinta akanikimbiza, alikuwa na mitihani ya shule ya kuchapa. Lakini ngoja, kaka, kwa muda wa simu ile ya kwanza mlitakiwa muwe na kama kumi na nane hivi. Tisa imetoka wapi? Ile inakatwa nusu tu kama umeme umekatika mara mbili mfululizo, ishara ya hali mbaya. Umekatika mara mbili?

— Tuendelee, — nikasema.

— Basi sikiliza. Nashuka ngazi, laptopu iko chini. Naweza kuingia kwenye mashine hiyo nikiwa huku huku, nikaweka kidude cha kughairi. Ni mistari minne tu ya kuandika. Ila modemu iwe na bando.

Modemu ilikuwa pale mezani, taa yake nyekundu. Bando liliisha jana yake. Tukakaguana. Simu ya Mnada ni ya tochi. Mustapha ana bando, lakini ni la usiku, linafanya kazi baada ya saa sita. Makao Makuu alisema lake ni la ofisi, akitumia kwa jambo la binafsi lazima ajaze fomu. Nikabaki mimi.

Nikatoa simu yangu ili nirushe bando kwenye laini ya modemu. Miwani nimeisahau nyumbani. Nikaishika simu mbali kwa urefu wa mkono, mkono haukutosha, Mnada akaipokea akasogea nyuma zaidi, mimi nikasoma nikiwa huku. Tukabonyeza menyu, tukaingiza namba. Ikauliza: moja kuthibitisha, mbili kughairi.

— Mbili, — Mnada akabonyeza.

— Mzee!

— Si mnatafuta kughairi? Imeandikwa hapa!

OMBI LAKO LIMEGHAIRIWA, simu ikasema, kwa adabu kabisa.

— Oneni sasa, — Makao Makuu akasema kwa uchungu. — Simu ya Pasipoti, yenye kioo kilichopasuka, inaghairi. Mashine nzima ya mezani haighairi.

Tukaanza upya. Safari hii Mustapha alibonyeza, kwa kuwa ndiye aliyezoea kumimina bila kumwaga. Taa ya modemu ikawa kijani. DAKIKA 5.

— Geofrey, ingia!

— Niko kwenye ngazi, kaka. Imekaa vibaya.

— Ruka!

— Nina familia.

DAKIKA 4. Tukasikia ngazi, tukasikia buti, tukasikia laptopu ikifunguliwa, na kuku wa gesti wakilalamika. Ndiyo mara ya kwanza nimesikia saa ya ukutani ya Yasinta ikitembea. Elisante alikuwa ameshika mausi kwa mikono yote miwili.

Chini ya ile namba kikatokea kidude cha kijani. Kidogo, kimekaa upande, halafu herufi zikajipanga moja moja: GHAIRI.

— Kimetokea! — Mnada akapiga kelele ya mnadani, kengele ya baiskeli ikajibu barabarani. — Kimetokea! Bonyeza, Hansadi, bonyeza!

Na bodaboda ikasimama nje.

Aliyeshuka alikuwa mwanamke amevaa helmeti, kanga kiunoni, kiganja kimoja kina ukijani wa mboga aliyokuwa anachambua. Akavua helmeti. Paskazia. Yasinta akamshika mkono, na sisi tukajikuta tumejibana ukutani kama mabango ya uchaguzi.

— Mbukwa, mwanangu, — Mnada akamsalimia Kigogo, kofia mkononi.

— Mbukwa, baba. Shikamoo.

— Marahaba. Marahaba sana.

— Shemeji zangu hamjambo. Yasinta kanipigia, ananiambia niwahi nijionee mwenyewe, nimeacha mboga kwa wifi. — Akamwangalia mumewe, ambaye alikuwa ameinuka nusu, hajui kama anasimama au anakaa. — Kuna nini?

— Ameandika tangu saa moja, shoga, — Yasinta akasema. — Kurasa kumi na moja. Zako. Na mashine inazima.

— Kumi na moja na nusu, — Elisante akasema, na usoni akaonekana anaijutia hiyo nusu.

Paskazia akasogea mbele ya kioo. DAKIKA 2. Akakisoma chote, na kidude cha kijani.

— Akigusa hapo zinarudi?

— Zote, shemeji! — Makao Makuu akasema. — Kama zilivyo, bila kupungua neno!

— Na saa nane alikuwa anisomee mbele ya kaka zangu.

— Ndiyo, — Elisante akasema.

— Basi nikuulize jambo moja, Baba Debora. — Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya mtu anayeuliza chumvi imekaa wapi. — Katika hizo kurasa kumi na moja, niliyoyasema mimi ni kurasa ngapi, na ya kwako wewe ni ngapi?

Elisante akafungua mdomo.

Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikaona midomo yake inahesabu kurasa za mkewe. Moja, mbili, tatu, anakwenda. Akafika tisa akasita. Akarudi nyuma akaanza tena. Mnada alikuwa anaangalia kofia yake. Makao Makuu, ambaye ana jibu la kila kitu na nakala yake, alikuwa anaangalia viatu. Na mimi, mtu mzima niliyechekesha askari wa mpaka wa nchi tano, nikaanza kusoma bei za fotokopi ukutani bila miwani.

DAKIKA 1.

— Hansadi, — Mnada akanong'ona, na kunong'ona kwa mnadi kunasikika mpaka kituoni, — bonyeza kwanza. Hesabu baadaye.

Mshale ulikuwa juu kabisa ya kidude. Kidole kiko pale. Elisante akamtazama mkewe, akatazama kioo, akatazama ile mikono yake miwili. Akaiondoa kwenye mausi, mmoja kwanza, halafu wa pili. Akaiweka magotini, nayo haikujua ifanye nini huko. Ikawa inashikana na kuachana.

Namba ikaisha. Buluu ikafifia, kioo kikawa cheusi, feni ndani ya mashine ikapunguza mwendo mpaka ikanyamaza. Kwenye kioo kile cheusi tuliwaona wote wawili, yeye amekaa, mwenzake amesimama na helmeti kifuani.

— Sina karatasi, — Elisante akasema.

— Naona.

— Mama Debora, mimi...

Sikusikia zaidi, maana Yasinta alitusukuma nje wote kwa mpigo, mnadi na makao makuu na dele la kahawa, akatoka yeye mwenyewe nyuma yetu akavuta mlango. Tukakaa benchini bega kwa bega, watano kwenye nafasi ya wanne. Mnada akaegemea upande wa dirisha, akajifanya anakuna mgongo. Mustapha akamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiagiza, na hakuna aliyeinywa.

Ndani ilisikika sauti ya Elisante. Maneno hayakufika. Ilikuwa sauti ya mtu anayeokota neno, analitazama, analiweka chini, anatafuta jingine. Inakwenda kidogo, inasimama. Inasimama muda mrefu mpaka Yasinta anafumba macho. Halafu inaanza tena. Ya Paskazia hatukuisikia kabisa.

Mkononi mwangu simu ya Yasinta ilikuwa bado hewani. Ikavuma upepo wa Kondoa, ikatoa kuku, kisha fundi:

— Halo? Kaka Pasipoti? Kidude kimetokea huko?

Nikawaangalia wenzangu. Wakaangalia mlango.

— Halo? Mbona kimya jamani? Mmewahi?